Sekunde Tisa Getini kwa Ormerod

"Bi Crabtree! Jamani Bi Crabtree, basi zima linakungoja wewe!"

Sauti hiyo ilipaa juu ya kelele zote za soko la Halifax. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wamesongamana mpaka milangoni. Avril Sugden alikuwa chini ya saa kubwa ya soko, wa tano kwenye foleni ya pai za nyama, amevaa koti lake la kijivu na skafu ya bluu iliyopauka. Alihisi mkono ukimgusa kiwiko. Aligeuka akaona mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, kofia bapa ya sufu ameilaza upande, sweta zito la rangi ya haradali, kalamu sikioni na karatasi ya majina mkononi.

"Samahani kwa kukuharakisha, mpenzi," alisema yule bwana. "Ila wazee wangu wakikaa sana ndani ya basi wanaanza kuimba, na wakianza hawaachi."

Halifax kila mtu ni mpenzi. Muuza samaki atakuita mpenzi, kondakta atakuita mpenzi, hata askari anayekuandikia kosa la kuegesha gari vibaya atakuita mpenzi. Kwa hiyo neno lenyewe halikumshtua Avril. Lililopaswa kumshtua ni kwamba yeye hakuwa Bi Crabtree. Alifungua mdomo aseme hivyo, halafu akaona ni kazi. Ingebidi aeleze, yule bwana aombe radhi, wote wacheke kidogo, kisha yeye arudi kwenye foleni. Kufuata kulikuwa rahisi zaidi.

Akafuata.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwaka ule, 2011, akiwa na miaka hamsini na miwili. Mama yake, Enid, aliyemuuguza nyumbani kwa miaka sita, alifariki Januari. Avril alichagua jeneza, akachagua nyimbo za kanisani, akakata sandwichi za wageni, akawashukuru. Hakulia. Alidhani machozi yatakuja baadaye, kama barua iliyochelewa posta. Februari ikapita, Pasaka ikapita. Aliendelea kwenda kazini kwenye duka la miwani, akawavalisha watu fremu na kuwaambia zimewapendeza, na ndani yake palikuwa kimya kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Unaugonga, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Mdogo wake, Glenda, alimpigia simu kila Jumatano kutoka Harrogate.

"Umelia?"

"Bado."

"Dada, hiyo si kawaida. Mimi nimelia mpaka mume wangu amehamia chumba cha wageni."

"Basi umelia ya kutosha kwa wote wawili."

Sasa Avril alipanda basi dogo la bluu lililoandikwa ubavuni SAFARI YA ORMEROD, akaketi nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akimenya pipi. Ndipo akaelewa alikuwa wapi, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua macho.

*Kiwanda cha Ormerod* kilikuwa tamthilia ya Jumapili jioni. Kwa miaka saba, mpaka mwaka 1982, mitaa ya Halifax ilikuwa tupu ikifika saa moja na nusu. Ilikuwa hadithi ya ukoo wa matajiri wenye kiwanda cha sufu na wanawake waliowafumia nguo, na kila familia mjini ilijidai inawajua watu wenyewe. Mzee Ormerod alipoanguka ngazi, watu walituma kadi za pole studio. Sasa tamthilia ilikuwa imezeeka na waigizaji wake wengi wamekufa, lakini mashabiki walikuwepo bado, na kila Jumamosi Roman Petryk, dereva mstaafu wa mabasi ya mji, aliwazungusha kwenye sehemu zilikopigwa picha: kanisa, baa, nyumba ya meneja, na mwishoni kiwanda chenyewe, nje kidogo ya Sowerby Bridge.

Kiwanda kilikuwa kimegeuzwa nyumba za kupanga. Palipokuwa na mashine palikuwa na majiko ya kisasa na mbwa wadogo. Ila geti la chuma lilikuwa lilelile. Roman alisimama mbele yake, akavuta kofia, akaanza.

"Hapa, waheshimiwa, ndipo ilipopigwa picha ya mwisho kabisa. Kiwanda kinafungwa. King'ora kinalia, geti linafunguka, wanawake wanatoka kwa mara ya mwisho. Hakuna muziki. Studio haikuleta waigizaji, ilichukua wafumaji wa kweli wa hapahapa bondeni. Na sehemu hiyo hamtaiona tena popote, maana studio ilifuta kanda zao kuokoa nafasi, Mungu awasamehe, mimi bado."

"Mama yangu alikuwa mle," alisema Avril.

Wazee wote waligeuka. Avril mwenyewe alishangaa.

"Wa tatu kutoka kushoto. Ana skafu kichwani. Anageuka anasema, 'Jamani, nimeacha mwavuli wangu ndani.' Ni sekunde tisa tu. Alikuwa akizihesabu."

Bibi wa pipi aliweka mkono kifuani. "Yule wa mwavuli! Bi Crabtree, yule ni mama yako?"

Wakati huohuo simu ya Roman ililia. Alisikiliza, akamtazama Avril, akasikiliza tena. "Ndiyo... ndiyo, mama... pole sana, mama." Akakata.

"Bi Crabtree yuko sokoni," alisema polepole, "na ana matusi mengi kwa mtu wa rika lake. Wewe basi ni nani?"

"Avril Sugden."

"Na kwa nini ulipanda basi langu, Avril Sugden?"

"Uliniambia nipande."

Basi zima lilicheka. Roman alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Avril alitabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamu mtu aliyetafsiriwa utani wa lugha asiyoijua.

Alipomshusha mjini, Roman alimsindikiza mpaka kituo cha basi.

"Unaitafuta ile sehemu ya mwisho?"

"Sina sauti ya mama yangu popote," alisema Avril. "Hakupenda kuongea na mashine. Simu ya mtu ikimtaka aache ujumbe, alikuwa anakata. Mahali pekee alipowahi kusema kitu kikarekodiwa ni pale getini. Nafikiri nikimsikia, labda... Sijui. Labda nitalia, yaishe."

Roman alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na safari hii hayakuwa na mchezo.

"Marehemu baba yangu alikuja hapa kutoka Ukraine hajui neno la Kiingereza. Alijifunza kwa Mzee Ormerod. Alinunua mashine ya video kabla ya mtu yeyote mtaani, akarekodi kila sehemu, akawa anarudiarudia. Mpaka anakufa aliongea kama tajiri wa kiwanda. Anaingia dukani kununua viazi, anaongea kama analinunua duka." Alikuna shingo. "Kanda zote ziko nyumbani kwangu. Hata ya mwisho itakuwemo. Baba hakutupa kitu. Njoo Jumapili."

Avril akaja Jumapili.

Nyumba ya Roman ilikuwa King Cross, ya mawe meusi, imebanwa katikati ya mstari wa nyumba zinazofanana. Ndani palinuka vitunguu vya kukaanga. Alipika vibunda vya unga vilivyojazwa viazi, vya kuchemsha, kwa mapishi ya mama yake, akamwekea siki na malai, kisha akatumbukiza kanda ya kwanza kwenye mashine ya baba yake, iliyokuwa kubwa kama sanduku la safari.

"Tutaangalia kwa mpangilio," alisema. "Ya mwisho sijaiona bado, iko darini katikati ya takataka za mzee. Wakati naitafuta tunaanza na ya kwanza. Sawa, mpenzi?"

"Sawa."

Wakaangalia sehemu mbili Jumapili ile, mbili iliyofuata, kisha tatu. Septemba ikaingia Oktoba. Kwenye skrini mvua ilinyesha juu ya vilima vilevile vilivyoonekana nje ya dirisha. Mwanamke mfumaji alimpenda mtoto wa tajiri, mtoto wa tajiri alimpenda farasi wake. Roman alijua kila neno, akawa anawatangulia waigizaji kusema mpaka Avril akamtupia mto.

"Nyamaza, nataka kusikia."

"Anasema hamtaki."

"Nimesikia. Nataka nisikie kwake, siyo kwako."

"Halafu kesho yake anamtaka. Wanawake wa Yorkshire ndivyo walivyo."

"Mkeo alikuwa wa Yorkshire?"

"Kabisa. Sasa ni wa Hispania. Yuko na daktari wa meno." Roman alikwangua sahani. "Sina kinyongo. Meno yake yamekuwa mazuri mno."

Siku za katikati ya wiki Roman alimpigia simu Avril kwenye mapumziko yake ya kazi.

"Avril, uko wapi?"

"Kazini. Umenipigia simu ya kazini, Roman. Nitakuwa wapi?"

"Umevaa nini?"

"Roman!"

"Nauliza kwa sababu ya mvua, mwanamke wewe. Ina mawe."

"Nimevaa koti la kijivu."

"Lilelile?"

"Lina shida gani?"

"Halina shida. Ni mimi nikikuona nalo nadhani kuna msiba."

Ijumaa ile Avril alipita dirisha la duka la nguo, akasimama, akaingia, akatoka na koti jekundu kama tofaa lililoiva. Nyumbani alijitazama kwenye kioo. Alijua limempendeza, kama alivyojua mji mkuu wa Ureno. Hakusikia furaha. Lakini Jumapili alilivaa, na Roman alipofungua mlango alisahau kumkaribisha ndani, akabaki amesimama na mwiko mkononi huku mvua ikiwamwagikia wote.

"Sema kitu basi," alisema Avril.

"Nimesahau nilikuwa napika nini."

Siku ile alimshika mkono wakati sehemu ya ishirini na tisa ikiendelea. Avril aliuacha mkono wake pale. Haukumwambia kitu. Ila aliona kwamba hakutaka kuutoa.

Na kila mara aliuliza, akiwa anafunga vifungo kuondoka: "Ile ya mwisho, umeipata?"

Na kila mara Roman alijibu akitazama pembeni: "Bado natafuta, mpenzi."

Jumapili ya pili ya Novemba, Roman akiwa jikoni, kikombe kilimponyoka Avril na chai ikasambaa mezani. Alivuta droo ya kabati la sebuleni kutafuta kitambaa. Chini ya vitambaa palikuwa na kanda. Lebo yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi za mzee, zilizonyooka kama za mwanafunzi: ORMEROD, YA MWISHO.

Haikuwa na vumbi. Juu yake palikuwa na alama mbichi za vidole.

Roman alitoka na sahani mbili, akaona alichoshika. Akaziweka sahani chini polepole.

"Umeipata lini?" aliuliza Avril.

"Avril, ngoja."

"Nimeuliza lini."

"Mwezi wa tisa. Wiki ya pili."

Avril alihesabu kichwani. "Wiki nane. Nimekuuliza wiki nane, umenitazama usoni... hapana, hukunitazama. Sasa naelewa kwa nini ulikuwa unaangalia pazia."

"Nisikilize."

"Ulikuwa unanipa kidogokidogo kama samaki anavyopewa chambo. Njoo Jumapili, Avril. Njoo tena, Avril. Ya mwisho iko darini."

"Siyo hivyo."

"Mama yangu alikuwa kwenye droo, Roman. Chini ya vitambaa vya meza."

Hakupaza sauti. Uso wake haukubadilika. Roman angeona afadhali amrushie sahani. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote kuanzia chini mpaka juu, akatia kanda kwenye mkoba.

"Chukua, ni yako," alisema Roman. "Lakini usiiangalie peke yako. Tafadhali. Acha nikuambie kwanza."

Avril alikuwa ameshafika mtaani.

Roman alimpigia simu mara kumi na moja siku ile. Jumatatu akapiga mara tisa. Jumanne akamwachia ujumbe: "Ni mimi." Halafu kelele za magari, na simu ikakatika. Avril aliusikiliza akiwa anapanga fremu dukani. Alingoja hasira ije. Haikuja. Alichogundua ni kitu kidogo na cha ajabu: kila saa saba mchana, muda aliozoea kupigiwa, alikuwa akisogea karibu na simu.

Jumatano alimwomba Glenda amletee mashine yao ya zamani ya video.

"Kwa hiyo mwanamume mwenyewe ni mwongo?" Glenda aliuliza, akiiweka sakafuni huku akihema.

"Ndiyo."

"Na ulimpenda?"

"Sijui. Nilinunua koti."

Glenda aliliangalia lile koti jekundu mlangoni kwa muda mrefu. "Wewe? Jekundu?" Akaligusa ukosi kwa ncha ya kidole. "Nikae tuangalie wote?"

"Hapana. Nataka kuwa peke yangu."

Alipoondoka, Avril aliketi sakafuni karibu na skrini, magoti kifuani, akabonyeza. Picha ilitetemeka, ikatulia. Tajiri wa mwisho wa ukoo wa Ormerod alitembea kati ya mashine zilizozimwa. Alipangusa vumbi kwenye moja. King'ora kililia. Avril alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Geti la chuma likaanza kufunguka. Ulionekana mguu mmoja wa mwanamke, kiatu cheusi kikikanyaga kidimbwi cha maji.

Halafu picha ikapasuka kwa mistari myeupe, na skrini ikajaa wanaume kumi na tatu wenye matope wakigombania mpira.

Mtangazaji alikuwa akipiga kelele. Mtu mmoja alivunjika pua. Avril aliangalia raga kwa dakika arobaini bila kupepesa macho, akingoja kiwanda kirudi. Hakikurudi. Mechi iliisha ghafla kabla ya kipenga, kanda ikatoa sauti ya *tk*, ikajirudisha yenyewe.

Alikaa pale mpaka chai yake ikawa baridi. Kisha akachukua simu. Roman alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Nani alishinda?" aliuliza Avril.

Roman alijibu kwa sauti ndogo sana: "Featherstone. Tulipigwa vibaya."

"Na ni wewe uliyerekodi."

"Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ubongo nusu. Nilishika kanda iliyokuwa karibu. Baba hakuniongelesha kwa wiki mbili, na alipoanza tena aliniambia nimefukuzwa kazi. Sikuwa nimeajiriwa naye." Alivuta pumzi. "Niliipata mwezi wa tisa, nikaiangalia kwanza nikuandalie. Nilipoona... Avril, uliniambia huna sauti yake popote. Na mimi ndiye niliyeifuta. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Kama watu."

"Ungeacha kuja."

"Kwa nini niache?"

"Ulikuwa unakuja kwa ajili ya kanda."

Avril aliegemea ukuta. "Roman, wiki nne za mwisho sijui hata kilichotokea kwenye ile tamthilia. Nilikuwa naangalia soksi zako. Hujawahi kuvaa mbili zinazofanana."

Upande wa pili palisikika kitu kikianguka, labda kijiko.

"Nimewatafuta," alisema Roman haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika. "Kila shabiki niliyewahi kumbeba. Hull, Rochdale, Barnsley. Nimeingia kwenye nyumba kumi na tatu, nimekunywa chai mpaka tumbo linaunguruma. Hakuna mwenye ile sehemu. Imekwenda, Avril. Sitakudanganya tena. Lakini jana nimempata mtu. Anaitwa Mavis Greenwood. Ana miaka themanini na tisa, yuko nyumba ya wazee pale Elland. Alikuwa wa nne kutoka kushoto."

Walikwenda Alhamisi mchana, baada ya Avril kuomba ruhusa kazini. Ndani ya gari hawakuongea sana. Roman alikuwa amevaa tai. Alipoona anatazama miguu yake, aliinua suruali kidogo: soksi mbili, nyeusi zote.

"Nimepoteza utambulisho wangu kwa ajili yako," alisema.

"Angalia barabara."

Bi Mavis alikuwa mdogo kama ndege, nywele nyeupe zimewekwa mawimbi, kadigani ya zambarau yenye vifungo vya lulu. Alimwangalia Avril kuanzia utosini, akashuka, akapanda tena.

"Kidevu cha Enid hicho," alitangaza. "Kaa, mwanangu. Na huyu mrefu ni wako?"

"Bado tunajadili," alisema Avril.

"Usijadili sana. Mimi nilijadili miaka minne, akamwoa dada yangu." Akamshika Avril mkono. "Ile siku ya geti? Tulirudia mara kumi na moja! Mvua inanyesha, sisi tumesimama na viatu vya kuazima, na yule kijana mwongozaji ana mwavuli wake na mtu wa kumshikia. Kila tukitoka anasema, 'Mara moja tena, akina mama, na huzuni zaidi.' Huzuni zaidi! Tumepoteza kazi kweli, yeye anatufundisha huzuni!"

"Mama hakuwahi kuniambia hivyo."

"Hakukuambia alichokuwa anasema nyuma ya mgongo wa yule kijana? Hakukuambia?" Bi Mavis alitazama mlangoni kama anahakikisha muuguzi hayupo. "Unajua tulivyokuwa tunaongea kiwandani. Mashine zinapiga kelele, husikii hata jina lako. Tulikuwa tunasema kwa midomo. Mama yako alikuwa bingwa. Mpaka picha inamalizika studio nzima haikujua kundi zima linacheka nini. Tazama."

Bi Mavis alinyoosha mgongo. Macho yake yakawa makali, nyusi moja ikapanda, midomo ikaanza kwenda, mipana, ya haraka, imekunjwa upande wa kushoto, bila sauti hata chembe. *Huyu - mpumbavu - akisema - huzuni - tena - nitamvika - huo - mwavuli - kichwani.*

Avril alikuwa ameelewa kila neno.

Alikuwa ameyaona maneno ya namna ile maisha yake yote: kutoka upande wa pili wa kanisa, nyuma ya mgongo wa baba yake, juu ya kichwa cha daktari. Ule mkunjo wa kushoto. Mama yake alikuwa amemsema Glenda hivyo, na mchungaji, na kila mwanamume Avril aliyewahi kumleta nyumbani. Wiki ya mwisho, sauti ilipokuwa imekwisha kabisa, alimwambia hivyohivyo: *Fungua - dirisha - panya - wewe.* Avril alikuwa amesahau. Miezi kumi ametafuta sauti, kumbe mambo mengi muhimu mama yake aliyasema bila sauti.

Alicheka. Kicheko kilitoka puani kama chafya, kikamshtua yeye mwenyewe. Bi Mavis akarudia, kwa chumvi zaidi, na Avril akacheka tena, ameinama, paji la uso juu ya mkono wa yule bibi. Roman alisimama dirishani akijifanya anaangalia maegesho.

Hakulia. Watu waliosimuliwa baadaye walitaka alie, hasa Glenda. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alicheka mara mbili, akanywa chai, akampiga busu Bi Mavis, na walipotoka nje ganzi ilikuwa bado ipo mahali pake, ila imesogea kidogo kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Kwenye gari Roman hakuwasha injini.

"Nataka kukuoa," alisema, mikono yote miwili juu ya usukani. "Nilikuwa nimeandaa maneno. Yamekimbia."

Avril alitazama mbele. Mvua ilikuwa inaanza.

"Roman, sitaki nikudanganye. Sijui kama nakupenda. Siku nyingi sisikii kitu. Ukinishika mkono najua ni mkono wako, basi."

"Na mwingine akikushika?"

Alifikiri. "Ningeutoa."

"Mimi hiyo inanitosha kuanzia."

"Haitakutosha siku zote."

"Labda. Nitakuambia ikiacha kunitosha. Kwa mdomo, kama watu."

"Uliza tena Jumapili," alisema Avril.

Aliuliza Jumapili, akiwa anamenya viazi. Avril alisema hajui. Akauliza Jumapili iliyofuata, wamekwama nyuma ya trekta barabara ya Ripponden. Avril alisema bado anafikiria. Wiki mbili kabla ya Krismasi aliuliza tena, wakiosha vyombo, yeye akiwa na povu mpaka viwikoni.

"Sawa," alisema Avril. "Nipe taulo."

Roman alimpa taulo. Kisha akageuka, mikono ikichuruzika.

"Umesema sawa?"

"Nimesema. Na unadondosha maji kwenye zulia."

Walifunga ndoa Machi, ofisi ya msajili ya Halifax, saa tano asubuhi. Roman alivaa suti ya bluu na ua jeupe. Avril alivaa gauni la rangi ya krimu lililofika magotini, na hereni za lulu alizoazima kwa Glenda. Glenda alianza kulia kabla msajili hajakaa. Abiria tisa wa basi la bluu walikuja, akiwemo Bi Crabtree halisi, mwanamke mnene mwenye kofia ya manyoya, ambaye alimwambia kila mtu kwamba kwa haki ile ilikuwa nafasi yake.

Msajili alisoma maneno. Roman aliyasema yake kwa kishindo kama tajiri wa kiwanda. Avril aliyasema yake kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuwaambia wateja fremu zimekaa sawa. Kisha wakaitwa kusaini.

Alishika kalamu. Ncha yake iligonga karatasi, ikaruka, ikaacha doa. Akajaribu tena. Mkono ulikuwa unatetemeka, kuanzia vidoleni mpaka kwenye bega, na hakuweza kuuzuia. Aliutazama kana kwamba mtu kauacha pale mezani.

Roman aliinama karibu na sikio lake. "Baridi?"

"Hapana," alinong'ona Avril. Ilimchukua muda kukumbuka jina la kitu kile, maana kilikuwa hakijampitia kwa zaidi ya mwaka. "Roman, naogopa."

Wakatazamana. Nyuma yao Glenda alikuwa akipenga kamasi kwa sauti.

"Naogopa sana," alisema Avril tena, akaukamata ukosi wa suti ya Roman kwa nguvu kiasi kwamba ua jeupe likasagika, na kwa mkono uliobaki akaandika jina lake lote, limepinda, likavuka mstari.